Reli iliyowindwa gizani: Vita vya 1914 na njia ya Mombasa hadi Kisumu

RELI haijawahi kufika Asumbi. Kwa vizazi kadhaa, mkazi wa misheni hii kongwe ya Kikatoliki, iliyo karibu na mpaka wa Kaunti za Homa Bay na Kisii, alipotaka kupanda treni alilazimika kwanza kufika Kisumu, ng'ambo ya Ghuba ya Winam. Hata hivyo, vita vya kuwania reli vilipozuka Afrika Mashariki mwaka 1914, mojawapo ya mapigano ya mwanzo yalitokea katika vilima vilivyo jirani na misheni hiyo.

Mapema Septemba mwaka huo, kikosi cha Wajerumani chini ya Kapteni Bock von Wülfingen kilitoka upande wa Mwanza, kikavuka mpaka na kuingia Kisii. Maafisa wachache wa serikali ya Uingereza waliokuwa pale walikuwa wamekwisha kuondoka. Kutoka Kisumu, askari wa King's African Rifles, jeshi ambalo wenyeji walizoea kuliita Keya, walisafirishwa kwa meli hadi Kendu, kisha wakapanda vilima kwa miguu.

Mnamo Septemba 12, 1914, pande hizo mbili zilipigana kutwa nzima. Kapteni Thorne, aliyewaongoza askari wa Uingereza, aliuawa. Giza lilipoingia, kila upande uliamini kwamba umeshindwa, na kila upande ukaondoka. Mji wa Kisii ukabaki bila mwenyewe.

Mtu anayeitazama ramani ya leo huenda akauliza: Wajerumani walitafuta nini Kisii, mji mdogo wa nyasi na mabati usiokuwa na bandari wala kiwanda? Jibu limo katika njia inayoendelea mbele ya Kisii. Njia hiyo huelekea Kisumu, na Kisumu ndiko Reli ya Uganda ilikoishia.

Mkasa huo wa siku moja ulikuwa sehemu ya kampeni ndefu iliyodumu hadi Machi 1916, na ambayo sehemu yake kubwa ilipiganwa mamia ya kilomita kutoka Kisii, katika nyika kati ya Voi na Mlima Kilimanjaro. Ni kampeni inayofundisha jambo moja kuhusu vita vya reli popote duniani: kuing'oa reli ni kazi ya usiku mmoja, kuiweka ikiwa imeng'olewa ni kazi isiyokwisha, na gharama ya kazi hizo mbili hulipwa zaidi na watu wanaoishi kandokando ya njia.

Uzi mmoja wa chuma

Ujenzi wa Reli ya Uganda ulianza Mombasa mwaka 1896. Ilifika Nairobi mwaka 1899 na kugusa maji ya Ziwa Viktoria mnamo Desemba 1901, mahali palipoitwa Port Florence, ambapo leo ni Kisumu. Urefu wake ulikuwa zaidi ya kilomita 900, na upana kati ya pao mbili za chuma ulikuwa mita moja tu.

Kwa Waingereza, njia hiyo nyembamba ilikuwa kila kitu. Kwayo walipita askari, barua, mahindi, dawa na risasi. Uganda nzima, iliyokuwa mbali na bahari, iliitegemea kwa bidhaa za nje na kwa kuuza pamba yake. Ziwani, meli za Kisumu ziliendeleza pale reli ilipokomea. Palipokatika mahali pamoja, vyote vilivyo mbele vilikwama, kwa kuwa hapakuwa na njia ya pili.

Udhaifu mwingine ulikuwa wa jiografia. Kati ya Mombasa na Nairobi, reli ilikwenda kwa sehemu kubwa sambamba na mpaka wa koloni la Wajerumani, ambalo leo ni Tanzania Bara. Upande wa pili wa mpaka huo Wajerumani nao walikuwa na reli yao, iliyotoka Tanga hadi Moshi. Kati ya njia hizo mbili palikuwa na nyika kame yenye miiba, isiyo na mto ila michache, yenye upana wa mwendo wa siku kadhaa kwa miguu.

Mnamo Agosti 15, 1914, siku kumi na moja tu baada ya Uingereza kutangaza vita dhidi ya Ujerumani, Wajerumani waliitwaa Taveta. Huo ukawa mlango wao wa kuingilia nyikani.

Wanandi walitangulia

Wazo la kuishambulia reli hiyo halikuletwa na Wajerumani. Wanandi, chini ya Orkoiyot Koitalel arap Samoei, walikuwa wameisumbua serikali kwa miaka mingi kabla ya vita hivyo. Waliposhuka kutoka vilima vyao walichukua nyaya za simu na vyuma vya reli. Waya ukawa bangili na mapambo ya shingoni; chuma kikaenda kwa wahunzi na kurudi kikiwa silaha.

Watawala waliyaita matendo hayo wizi. Lakini kwa Wanandi, reli ilikuwa imepita katika ardhi yao bila ridhaa, na nyuma yake waliona askari, kodi na walowezi. Oktoba 19, 1905, Koitalel aliuawa na afisa wa Kiingereza, Richard Meinertzhagen, katika kikao kilichodaiwa kuwa cha kutafuta amani. Operesheni ya kijeshi iliyofuata iliwapokonya Wanandi mifugo na sehemu ya ardhi iliyokuwa karibu na reli.

Huo ulikuwa mfano wa mapema wa desturi iliyorudiwa baadaye: anayeigusa reli huadhibiwa yeye pamoja na jamii yake nzima.

Funzo la Marekani

Duniani, mbinu ya kuvamia reli ilikomaa katika Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani, vilivyopiganwa kati ya 1861 na 1865. Hivyo vilikuwa miongoni mwa vita vikubwa vya kwanza ambapo majeshi yalilishwa na kusafirishwa kwa treni. Kwa hiyo kila jenerali alitamani kukata reli ya mwenzake, na chombo cha kazi hiyo kilikuwa askari wapanda farasi.

Aprili 1863, Kanali Benjamin Grierson wa jeshi la Kaskazini aliondoka La Grange, Tennessee, akiwa na wapanda farasi wapatao 1,700. Walilipita jimbo la Mississippi kutoka kaskazini hadi kusini, wakang'oa reli na kuchoma mabehewa katika kituo cha Newton, kisha wakatokeza Baton Rouge baada ya siku 16. Uharibifu wenyewe haukuwa mkubwa sana. Faida kuu ilikuwa kwamba majeshi ya Kusini yalitawanyika kumsaka wakati Jenerali Ulysses Grant alipokuwa akijiandaa kuvuka mto ili kuushambulia mji wa Vicksburg.

Upande wa Kusini nao ulikuwa na mabingwa wake. Agosti 1862, watu wa John Hunt Morgan walisukuma treni inayowaka moto ndani ya handaki la reli karibu na Gallatin, Tennessee. Miti iliyoshikilia paa iliungua, mlima ukaporomoka, na njia ikafungwa kwa zaidi ya miezi mitatu.

Lakini mafanikio ya Gallatin yalikuwa nadra. Wapanda farasi hufika haraka na huondoka haraka, na mtu mwenye haraka haharibu reli vya kutosha. Kung'oa taruma na kupindua pao hakutoshi. Mafundi hufika na kuzirudisha palepale. Jeshi la Kaskazini lilikuwa na idara maalumu ya reli yenye mafundi, mbao zilizokwisha kuchongwa na vichwa vya treni vya akiba, na mhandisi wake Herman Haupt alisifika kwa kusimamisha madaraja makubwa katika muda wa siku chache.

Jenerali William Sherman alijifunza hilo mwaka 1864 alipouzingira mji wa Atlanta. Mwezi Agosti alimtuma Judson Kilpatrick na wapanda farasi wake kukata reli ya kusini mwa mji. Kilpatrick alirudi akisema kazi imekamilika, lakini siku chache baadaye treni zilikuwa zikiingia Atlanta kama kawaida. Ndipo Sherman alipoacha kutegemea farasi, akapeleka sehemu kubwa ya jeshi lake la miguu kwenda kuikalia reli hiyo. Mji uliangukia mikononi mwake Septemba 2, 1864.

Askari wake wa miguu walikuwa na muda ambao wapanda farasi hawakuwa nao. Walirundika mataruma, wakayawasha moto, wakaziweka pao juu yake hadi zikawa nyekundu katikati, kisha wakazizungusha kwenye mashina ya miti. Chuma kilichopindwa namna hiyo hakinyoshwi kwa nyundo.

Farasi waliposhindwa na mbung'o

Miaka hamsini baadaye, Luteni Kanali Paul von Lettow-Vorbeck, kamanda wa majeshi ya Ujerumani katika Afrika Mashariki, alikabiliwa na swali lilelile akiwa na uwezo mdogo zaidi. Alijua kwamba koloni lake limezingirwa na kwamba hawezi kushinda vita vyenyewe, kwani vingeamuliwa Ulaya. Lengo lake lilikuwa kuwalazimisha Waingereza walete Afrika askari, meli na fedha ambazo wangezitumia kwingine. Reli ya Uganda ndiyo iliyokuwa mahali ambapo askari wake wachache wangeweza kuwashughulisha askari wengi wa adui.

Angekuwa Mississippi, angetuma wapanda farasi. Kwa kweli pande zote mbili zilikuwa na askari wa farasi na nyumbu, na walowezi wa Kiingereza waliunda kikosi chao cha wapanda farasi mjini Nairobi mara tu vita vilipoanza. Wanyama hao walifaa katika nyanda za juu za Longido na Namanga. Lakini penye vichaka vya nyika pana mbung'o, na mbung'o huua farasi. Jenerali Jan Smuts alipoongoza maelfu ya wapanda farasi kutoka Afrika Kusini mwaka 1916, wanyama wao walikufa kwa wingi kiasi kwamba wapanda farasi wengi walimaliza safari kwa miguu.

Kwa sababu hiyo, uvamizi wa reli nchini Kenya uliachwa kwa miguu ya binadamu. Jaribio la kuishukia reli kwa kikosi kikubwa kupitia Mto Tsavo, Septemba 1914, lilizuiwa. Kuanzia hapo, na hasa baada ya ushindi wa Wajerumani mjini Tanga Novemba 1914, kazi ilikabidhiwa kwa doria ndogondogo.

Katika kumbukumbu zake, Lettow-Vorbeck aliieleza doria ya kawaida kuwa ya watu wapatao kumi: Mjerumani mmoja au wawili, askari Waafrika, na wapagazi wa kubeba maji, chakula na baruti. Baruti haikuwa tatizo. Mashamba ya walowezi wa Kijerumani yalikuwa na akiba ya baruti, na shehena iliyoachwa na Waingereza waliokimbia Tanga ilikuwa bora zaidi.

Tatizo lilikuwa maji. Doria iliondoka penye chemchemi ya mwisho ikijua kwamba ya pili iko mbali, na kwamba huenda tayari imekaliwa na adui. Walitembea usiku na kujilaza vichakani mchana. Walipoifikia reli, walichimba chini ya taruma, wakatega mlipuko, wakafukia na kufagia nyayo kwa matawi, kisha wakaondoka kabla ya alfajiri. Wakati mwingine walikata na nyaya za simu ili habari ichelewe.

Safari ya kurudi ndiyo iliyoua. Waliopotea njia walikunywa mkojo wao wenyewe. Aliyejeruhiwa vibaya hakuweza kubebwa, kwa kuwa wa kumbeba hawakuwepo. Kamanda huyo aliandika kwamba kulikuwa na askari Waafrika ambao, wakijua wataachwa nyuma peke yao, walikabidhi bunduki na risasi zao kwa wenzao ili zisipotee. Majina ya askari hao hayakuingia katika vitabu kama yalivyoingia ya maafisa wao.

Behewa la mchanga

Waandishi wa historia ya vita hivyo hutaja hesabu ya treni 32 na madaraja 9 yaliyolipuliwa kati ya Machi na Mei 1915 pekee. Kwa reli ya njia moja, hayo si mapigo madogo.

Waingereza walijibu kwa ujanja na kwa wingi. Walitanguliza mbele ya kichwa cha treni mabehewa yaliyojazwa mchanga, ili mlipuko uyapate hayo kwanza na kukisalimisha kichwa. Wajerumani nao wakatengeneza mitego iliyochelewa kulipuka, mabehewa ya mbele yapite salama na kichwa kipigwe. Kila upande ulipojifunza, upande wa pili ulijifunza pia.

Kubwa zaidi lilikuwa suala la ulinzi. Vikosi vilivyoletwa kutoka India vilipangwa kando ya reli, katika madaraja, stesheni na matangi ya maji. Askari ambao wangeweza kuvuka mpaka kwenda kupigana walibaki wakilinda mataruma. Hapo ndipo Lettow-Vorbeck alipopata alichokitaka. Doria ya watu kumi iliyolipua daraja dogo haikuidhuru reli kwa muda mrefu, lakini ilimlazimisha adui kuweka walinzi katika kila daraja jingine, usiku na mchana, miezi nenda miezi rudi.

Hata hivyo treni hazikukoma. Kama ilivyokuwa Atlanta, wavamizi hawakuweza kuikalia reli. Nyuma yao walikuja mafundi, wengi wao Wahindi waliobaki nchini tangu siku za ujenzi, pamoja na vibarua Waafrika. Pao iliyopinda ilitolewa, mpya ikatandikwa, na treni iliyofuata ikapita. Kichwa cha treni kilikuwa kigumu zaidi kukipata, kwani akiba ilikuwa ndogo na vipya vilitoka ng'ambo, lakini njia yenyewe ilifunguka.

Reli yazaa reli

Mashambulizi hayo yalikuwa na matokeo mengine ambayo waliyoyapanga hawakuyatarajia. Waingereza waliona kwamba hawawezi kuilinda reli milele kwa kusubiri. Ilibidi kuufunga mlango wa Taveta, na jeshi la kuufunga lisingeweza kuvuka nyika bila maji. Kwa hiyo, mwaka 1915, kampuni za reli za jeshi la India zilianza kutandika njia mpya kutoka Voi kuelekea magharibi, na bomba la maji likavutwa kutoka vilima vya Bura.

Njia hiyo ilifika Maktau katikati ya mwaka 1915, kisha ikasogea hadi Mbuyuni. Wajerumani waliishambulia nayo pia, lakini iliendelea. Februari 12, 1916, Waingereza walishindwa walipojaribu kuutwaa Mlima Salaita. Mwezi uliofuata, chini ya Smuts, waliwazunguka Wajerumani, wakapigana Latema na Reata, na kuingia Moshi. Kambi walizotokea wavamizi wa reli zikawa mikononi mwa Waingereza, na uvamizi ukakoma.

Baadaye mwaka huohuo, reli ya Voi iliunganishwa na ile ya Tanga. Njia iliyojengwa kwa ajili ya kuzuia uvamizi ikawa kiungo cha reli za Kenya na Tanzania.

Mambo yakageuka. Wajerumani waliokuwa wakilipua madaraja ya Waingereza sasa walilipua madaraja yao wenyewe, kwanza katika njia ya Tanga, kisha katika Reli ya Kati itokayo Dar es Salaam kwenda Kigoma, ili adui anayewafuata asiyatumie. Na Waingereza wakayatengeneza. Lettow-Vorbeck aliendelea kupigana bila reli yoyote hadi Novemba 25, 1918, alipoweka silaha chini huko Abercorn, mji ambao sasa ni Mbala, Zambia.

Waliolipa

Wanahistoria wa kijeshi huhesabu madaraja. Hesabu ya watu ni nzito zaidi.

Kusini mwa reli, kati ya Voi na Mombasa, umesimama Mlima Kasigau, makao ya Wataita. Ulikuwa na maji, na kutoka kileleni mtu aliiona nyika yote hadi relini. Wajerumani walikishambulia kituo cha Waingereza kilichokuwa hapo mwaka 1915, na mlima huo ukawa mahali pa kutokea doria zao. Waingereza waliwatuhumu wakazi kwamba wamemsaidia adui. Mnamo Agosti 1915 waliwahamisha kwa nguvu hadi Malindi, mbali na mashamba na makaburi yao. Katika joto la pwani, wengi walikufa kwa maradhi na njaa. Waliosalia, pamoja na watoto waliozaliwa uhamishoni, walirudi Kasigau katika miaka ya 1930, baada ya takriban miongo miwili.

Nyanza Kusini nayo ilikuwa na hesabu yake. Kisii ilipoachwa bila serikali Septemba 1914, watu waliingia katika ofisi, maduka na vituo vya misheni na kubeba walivyovipata. Baadhi yao waliamini kwamba utawala wa wazungu umekwisha. Imani ya Mumbo, iliyokuwa imeanza upande wa Alego mwaka 1913, ilikuwa imetabiri jambo kama hilo. Serikali ilirejea baada ya siku chache. Nyumba zilichomwa, watu wakauawa, na mifugo ikatwaliwa kwa wingi kuwa faini ya jamii nzima.

Kisha ukaja upagazi. Kadiri jeshi la Uingereza lilivyosonga mbali na reli, ndivyo lilivyohitaji mabega ya watu badala ya mabehewa. Mkoa wa Nyanza, wenye watu wengi, ukawa chimbuko kubwa la wapagazi wa Carrier Corps, jina ambalo ndimi za wenyeji zililigeuza kuwa Kariakor jijini Nairobi na Kariakoo jijini Dar es Salaam. Vijana walichukuliwa kupitia kwa machifu, wakapelekwa Kisumu, wakapanda treni hadi upande wa vita. Makumi ya maelfu ya wapagazi wa Afrika Mashariki hawakurudi. Wengi hawakuuawa kwa risasi. Waliuawa na kuhara, homa na chakula wasichokizoea.

Hivyo basi, familia nyingi za maeneo ya Asumbi, Rangwe, Rongo na Kisii, ambazo hazijawahi kuona pao la reli likipita kwao, ziliijua reli kwa namna ya uchungu kuliko waliokaa kando yake. Kwao ilikuwa njia iliyochukua watu na haikuwarudisha.

Njia bado ni nyembamba

Zaidi ya karne moja imepita, lakini hoja iliyomsukuma Lettow-Vorbeck kuituma doria yake haijazeeka. Januari 2008, wakati wa ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, vijana walizing'oa pao za reli katika mtaa wa Kibera, Nairobi. Hawakuwa jeshi, hawakuwa na baruti, na waliyokuwa nayo moyoni ni hasira ya siasa. Lakini treni za mizigo zilikwama, barabara nazo zilikuwa zimezibwa, na baada ya siku chache Uganda na Rwanda zikakabiliwa na uhaba wa mafuta. Wengi walishangaa kwamba ugomvi wa mtaa mmoja wa Nairobi unaweza kuifunga pampu ya petroli ya Kigali. Msomaji wa historia ya mwaka 1915 asingeshangaa.

Tangu Mei 31, 2017, reli mpya ya kisasa imekuwa ikipitisha treni kati ya Mombasa na Nairobi, kupitia Tsavo na Voi, karibu na njia ile ya zamani. Ni pana zaidi na treni zake zina kasi zaidi. Lakini nayo hupita mamia ya kilomita katika nyika, na haiwezekani kumsimamisha mlinzi penye kila taruma.

Wanandi, wapanda farasi wa Grierson, doria za Taveta na vijana wa Kibera hawakufanana kwa nia. Walichokuwa nacho kwa pamoja ni kwamba waliikuta njia ndefu isiyoweza kulindwa yote. Waingereza walijaribu kuilinda kwa askari, kwa mabehewa ya mchanga na kwa kuwafukuza waliokaa karibu nayo. Askari walichoka, mchanga ulipata dawa yake, na kuwafukuza watu wa Kasigau kuliacha jeraha lililodumu kuliko daraja lolote lililolipuliwa.

Mlinzi mmoja ambaye hakujaribiwa katika miaka hiyo ni mkazi wa kandokando ya njia mwenye sababu ya kutaka treni ipite. Mnandi aliyepoteza ardhi hakuwa nayo, wala Mtaita aliyehamishwa, wala mama wa Nyanza aliyemsubiri mwanawe aliyepanda behewa la wapagazi. Reli iliyojengwa bila wao ililazimika kulindwa dhidi yao, na ulinzi wa namna hiyo ndio ghali kuliko wote.